Ardhi Ilipojigeuza Usingizini

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Wahenga waliotuachia methali hii hawakukusudia kumsengenya mtu mpole wala kumsifu mpayukaji. Walitaka tujue kwamba palipotulia sana si patupu, na kwamba jambo lililofungiwa kwa miaka mingi, liwe ardhini au kifuani mwa mtu, siku ya kutoka halitoki kwa kunong'ona. Anayebisha na asikilize yaliyomfika Mama Albertine wa Katuba, jijini Lubumbashi, mwaka ule ambao ardhi ilitikisika mara tatu katika muda wa wiki moja.

Ardhi ya Lubumbashi haina mazoea ya kutikisika. Tetemeko ni habari za wenzao wa Bukavu na Kalemie, watu wa kwenye maziwa. Wakazi wa Katuba wanayajua malori ya madini yanayopita yakitetemesha vioo vya madirisha. Wanaijua baruti ya migodini, na ngurumo za Oktoba zinazotangulia mvua ya kwanza. Zaidi ya hapo, ardhi yao hulala fofofo kama mtoto aliyeshiba, nao wameizoea hivyo hata hawaifikirii.

Siku ya kwanza ilikuwa Jumanne, saa moja ya asubuhi. Mama Albertine alikuwa barazani akishona kanzu za kwaya ya parokia. Kwanza aliona pini zilizokuwa kwenye kisahani zikianza kucheza, zikigongana kwa sauti nyembamba kama ya mvua inayonyesha mtaa wa pili. Kisha maua ya zambarau ya mjakaranda uliokuwa ng'ambo ya barabara yakadondoka kwa pamoja, taratibu, ingawa hapakuwa na upepo hata wa kutikisa uzi. Kuku walinyamaza. Kwa muda ambao mtu angemaliza kusali Salamu Maria moja, kila kitu kilionekana kana kwamba kinatazamwa kupitia maji. Halafu ikaisha, na asubuhi ikaendelea pale ilipoachia.

"Iko nini, mama?" aliuliza Plamedie, binti yake aliyekuwa akisomea uuguzi, akitoka chumbani na mswaki mkononi.

"Sijui. Lori, pengine."

"Hakuna lori lililopita."

Mumewe, Baba Floribert, alikuwa ameketi ndani akinywa chai. Alikuwa fundi wa reli kwa miaka thelathini na mmoja kabla ya kustaafu, mzaliwa wa ukoo uliokuja kutoka Kongolo kufuata kazi ya reli. Kupitia mlango uliokuwa wazi, Albertine alimwona akiweka kikombe chini, akipiga magoti, akigusa sakafu kwa kiganja, vile mtu agusavyo paji la mtoto mwenye homa. Kisha akanyanyuka, akachukua kofia yake, akatoka bila kusema neno. Alirudi jua likizama, suruali yake ikiwa na vumbi jekundu hadi magotini.

Kutoka bila kusema neno hakukumshangaza mkewe. Ilikuwa miaka saba sasa tangu Floribert ajifungie kinywa. Alisema yaliyo ya lazima tu: chumvi, mlango, asante, kesho. Kimya hicho kilianza mwaka alipofariki mtoto wao wa kiume, Caleb. Kijana huyo alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Alichimba madini kwa mikono pamoja na wenzake kwenye kilima kimoja nje ya jiji, kilima ambacho wachimbaji walikiita Mgongo kwa jinsi kilivyojikunja kama ng'ombe aliyelala. Siku moja alasiri shimo liliporomoka. Walimtoa baada ya siku mbili.

Albertine alimlilia mwanawe mpaka sauti ikamkauka. Floribert hakutoa hata chozi moja. Alisimama kaburini kama mlingoti, akarudi nyumbani, na kuanzia siku hiyo hakulitamka tena jina la Caleb. Picha ya kijana ilipotundikwa ukutani, alihamisha kiti chake akaipa mgongo. Mwanzoni mkewe alimngojea. Baadaye alimwonea uchungu. Mwishowe aliamua kwamba Mungu alimpa mume mwenye jiwe mahali pa moyo, akauzoea uamuzi huo kama mtu azoeavyo kiatu kinachobana.

Baada ya tetemeko lile, Katuba nzima iliishi nusu macho, nusu ndotoni. Redio ilisema ni tetemeko dogo, lisitishe watu. Hata hivyo watu walitoa viti na masufuria yao uani, wakapika na kula chini ya anga, wakizungumza kwa sauti ya chini kana kwamba kuna mgonjwa asiyetakiwa kuamshwa. Mtu akiangusha kifuniko, wote walitazamana. Jirani yao, Mama Madeleine, alisema dada yake anayelima Lukafu amempigia simu: huko nako ardhi ilicheza, na maji ya kisima yaligeuka maziwa.

"Bulongo yetu, hii ardhi, ilikuwa inalala," alisema Madeleine. "Sasa imejigeuza ku ubavu wa pili. Ikimaliza kujigeuza, italala tena."

"Na kama imeamka?" aliuliza Plamedie.

Madeleine alikifunika sufuria lake polepole, kifuniko kisigonge.

Floribert aliendelea kutoka kila asubuhi. Jumatano alitoka, Alhamisi alitoka, na kila jioni alirudi na vumbi lile lile jekundu. Albertine alimuuliza mara moja tu.

"Baba Plamedie, unaendaka wapi kila siku?"

"Natembea."

Madeleine, ambaye ulimi wake haukuwa na kufuli, alimnong'oneza rafiki yake kwamba mwanamume aliyestaafu hatembei bure. Kuna nyumba nzuri siku hizi upande wa Karavia, alisema, na ndani ya nyumba nzuri kuna wajane wazuri. Albertine alicheka, lakini jioni ile aliinusa suruali ya mumewe kabla ya kuifua.

Ardhi ilitikisika mara ya pili siku ya Ijumaa, saa sita mchana. Safari hii ilikuja na sauti, mvumo mzito uliopita chini ya miguu kama treni inayopita mahali pasipo na reli. Bukari, ugali wa mchana uliokuwa jikoni, ilipata ufa katikati ya sahani. Floribert alikuwa amerudi mapema siku hiyo. Aliruka kitini kama kijana, akatoka mbio kamba za viatu zikiwa hazijafungwa.

Albertine aliacha mwiko ndani ya sombe, mboga ya majani ya muhogo iliyokuwa motoni. Alifika barabarani, akamsimamisha mwendesha pikipiki, akamwonyesha mgongo wa mumewe uliokuwa ukitoweka juu ya pikipiki nyingine. "Fuata ule muzee," alisema. "Polepole. Asituone."

Hawakuelekea Karavia. Walipita nyumba za mwisho, wakapita tanuri za matofali, wakaingia njia ya vumbi iliyokuwa nyekundu kama kidonda kibichi. Albertine alipokitambua kilima kilichokuwa mbele yao, alilishika bega la mwendesha pikipiki. Hakuwa amekanyaga Mgongo tangu siku ile walipomkabidhi mwanawe akiwa ameviringishwa ndani ya turubai.

Alishuka mbali kidogo, akasimama nyuma ya rundo la mawe. Kilima chote kilikuwa kimetobolewa mashimo, na vijana wekundu kwa vumbi walikuwa wakipandisha magunia kwa kamba. Vumbi lilining'inia hewani bila kuanguka, likimeta kwenye jua, na ndani ya vumbi hilo watu walionekana kama wanaelea. Katikati yao alimwona mumewe. Alikuwa akienda kutoka shimo hadi shimo. Katika kila mdomo wa shimo alipiga magoti, akainamisha kichwa, akasema jambo kuelekea gizani. Sauti yake ilikuwa ndogo mno. Ilitoka kama ya mtu anayeomba maji kwenye nyumba ya watu asiowajua.

Vijana walimcheka, ingawa bila ubaya. "Papa iko anaungamisha mashimo," alisema mmoja, na wenzake wakaangua kicheko.

Mkubwa wao, kijana mrefu aliyeitwa Merdi, alimwinua mzee kwa kumshika kiwiko kwa heshima. "Papa, tangu Jumanne unakuya hapa kutuambia tupande. Tumesikia. Lakini bulongo ilicheza kidogo tu. Siye tuko na batoto, banakula kila siku, habangojee."

Floribert aliokota fimbo. Alionyesha kwa fimbo ufa mwembamba uliozunguka ukingo wa shimo kubwa. Merdi aliutazama, akaufukia kwa kisigino cha buti.

Albertine alirudi nyumbani kabla ya mumewe. Aliiondoa sombe iliyoungua, akapika nyingine, akamwekea. Alimngojea aseme. Floribert alikula, akasema asante, akatazama mikono yake. Mkewe alimtazama kana kwamba anamwona kwa mara ya kwanza. Kumbe muda wote huo jiwe lile lilikuwa na kitu ndani. Ila hakujua ni kitu gani, na aliogopa kukigonga.

Tetemeko la tatu lilikuja Jumatatu asubuhi, dogo kuliko yote, kama pumzi ya mtu anayeota. Watu wengi hata hawakulihisi. Floribert alikuwa tayari amevaa kofia. Alipofika mlangoni alimkuta mkewe amesimama hapo, amejifunga kitenge chake cha kutokea.

"Leo tunaenda wote," alisema Albertine.

Floribert aliufungua mlango, akampisha atangulie.

Walipofika Mgongo, ule ufa ulikuwa umefunguka tena. Sasa uliweza kumeza vidole vitatu, na kutoka kingo zake udongo ulikuwa ukichuruzika bila kukoma, laini kama unga unaopepetwa. Chini ya shimo kubwa kulikuwa na wachimbaji kumi na wanne. Merdi alikuwa juu, ameshika kamba.

"Bapandishe," alisema Floribert.

"Saa sita, papa. Tumefika mu mawe mazuri leo. Saa sita tutapanda wote."

"Bapandishe sasa."

"Papa, nakuheshimu. Lakini usitufukuzie bahati."

Hapo ndipo Albertine alipoisikia sauti ambayo hakuwahi kuisikia katika miaka thelathini ya ndoa. Haikutoka kooni. Ilitoka chini kabisa, ikakwaruza njia nzima, na ilipofika nje kilima kizima kilinyamaza.

"Caleb," alisema Floribert kwa sauti ya kupasua mawe. "Caleb Kabange. Munasikia jina? Hakuna muntu hapa anamukumbuka. Ni mutoto yangu. Alikufa mu kilima hiki, pale, hatua makumi mawili toka hapa. Munafikiri bulongo ilimuua? Mimi njo nilimuua."

Magunia yalitua. Vichwa vilichomoza kwenye mashimo ya jirani.

"Siku ile nilimuletea chakula. Mama yake alipika. Nilisimama ku mudomo wa shimo, nikaona ufa, upana wa kidole kimoja. Nilikuwa fundi wa reli, nilijua ufa inasema nini. Nikamwambia, Caleb, panda twende. Akaniambia, papa, usinipe haya mbele ya benzangu. Benzake bakacheka." Hapo sauti ilimkatika, akaivuta tena. "Nikaona haya. Nikanyamaza. Nikarudi nyumbani, nikanywa chai. Saa tisa bakakuya kuniita. Miaka saba nimenyamaza, na kila siku naisikia ile chai mu koo. Leo sinyamaze. Mukikataa kupanda, mimi nashuka. Tutalala humo wote, na weye Merdi utaambia Mama Plamedie huyu hapa kwamba ulinipa kamba."

Naye hakutania. Alitupa kofia, akaketi ukingoni, akaning'iniza miguu ndani ya shimo, akaishika kamba kwa mikono yake ya ufundi. Udongo ulianza kumomonyoka chini ya mapaja yake.

Merdi alibadilika rangi. Mchimbaji anaweza kuihatarisha roho yake kwa mkate wa wanawe, lakini hakuna kijana wa Katanga atakayetaka kusemwa kwamba alimwacha mzee mwenye mvi afie shimoni akimtazama. Alimkumbatia Floribert kutoka nyuma, akamvuta, akapiga yowe kuelekea chini. "Mupande. Bote. Acheni kila kitu, mupande."

Walipanda mmoja mmoja, wakinung'unika, wakipepesa macho kwenye mwanga. Albertine alikuwa akiwahesabu kwa midomo, kama anavyohesabu shanga za rozari. Kumi na wawili. Kumi na watatu. Wa kumi na nne alitoka akiwa na sururu begani na tusi mdomoni, akaketi kwenye kivuli.

Kisha halikutokea lolote.

Walikaa. Jua lilipanda. Kunguru mmoja alitua juu ya gunia, akaruka. Vumbi lilitulia hadi mtu angeweza kuona mbali, paa za jiji zikimeta kama maji. Ilikuwa amani ya ajabu, na katika amani hiyo baadhi ya vijana walianza kutazamana. Mmoja alisimama akajikung'uta. "Tumeota wote," alisema. "Mi narudi." Floribert alisimama mbele yake, mikono imenyooka pembeni. Kijana aliketi.

Ilikaribia saa tano ukingo wa shimo ulipozama. Hakukuwa na tetemeko. Ardhi ililegea tu, kwa upole, kama mtu anayeketi baada ya safari ndefu. Halafu upande mzima wa kilima ulifuata, na mshindo wake ulisikika hadi kwenye tanuri za matofali. Wingu jekundu liliwafunika wote. Lilipopungua, mahali pa shimo kubwa palikuwa pamesawazika, pametulia, kana kwamba hapajawahi kuchimbwa na mtu.

Hakuna aliyeshangilia. Merdi alipiga magoti akashika miguu ya mzee. Yule mwenye tusi alilia kwa sauti kama mtoto. Kijana mmoja aliiokota kofia ya Floribert, akaifuta vumbi kwa kiganja chake, akamvika.

Ningependa kusema kwamba Albertine alimkumbatia mumewe hapo hapo. Hakufanya hivyo. Walirudi nyumbani wakiwa kwenye pikipiki mbili tofauti, na sasa kimya kilikuwa kimehamia kwake. Maneno yale yalikuwa yamemwangukia kwa uzito kuliko kilima. *Nikaona ufa.* Mumewe alijua. Aliuona, akanyamaza, akarudi nyumbani, na yeye Albertine ndiye aliyemmiminia chai ile.

Siku tatu alishona bila kuinua macho. Watu walikuja kumpongeza mzee wa Mgongo. Aliwapa viti, akarudi kwenye cherehani. Plamedie, ambaye alikuwa amesimuliwa yote, alijaribu kuketi kati ya wazazi wake wawili na kuwafanya wazungumze kuhusu masomo yake, akashindwa. Floribert hakujitetea. Ila alikuwa amehamisha kiti chake. Sasa alikaa akiielekea picha ya mwanawe, na machozi yalimshuka mchana kweupe, mbele ya wageni, bila kuyafuta.

Siku ya nne, mvua ya kwanza ilinyesha. Ilikuja alasiri, ikapiga mabati, ikaleta harufu ya udongo ndani ya nyumba. Albertine alisimamisha cherehani. Aliingia ndani, akaketi kwenye kiti cha pili, mbele ya mumewe.

"Siku ile," alisema, na sauti yake ilikuwa ngumu bado, "chakula ulimupelekea. Alikulaka?"

Floribert alimtazama kwa hofu, kama mtu anayeulizwa na hakimu.

"Alikula."

"Yote?"

"Yote. Alikaa ku jiwe, miguu inacheza, vile alikuwa anafanyaka utoto. Alikula bukari, akakula sombe, akalamba hata kifuniko. Akaniambia, papa, umwambie mama leo chumvi iko sawa."

Albertine alijifunika uso kwa kitenge. Mabega yake yalitetemeka, na Floribert hakujua kama ni kilio au kicheko, maana vyote viwili vilikuwamo. Miaka saba mtu huyu alikuwa amebeba salamu ya Caleb na hakumfikishia, kwa kuwa salamu ile na kosa lake vilifungwa katika fundo moja, na hakuweza kufungua kimoja bila kingine.

"Endelea," alisema mkewe alipopata sauti. "Alisema nini tena? Alivaa nini? Usiache kitu."

Floribert akaendelea. Alisimulia mvua iliponyesha na ilipokatika, alisimulia mpaka Plamedie alipoingia akawakuta wamesogeza viti vikagusana, baba yake akisema na mama yake akiuliza. Ardhi ya Lubumbashi ilikuwa imerudia usingizi wake, wala haijatikisika tena tangu siku hizo. Lakini huko Katuba, mtu akimwona mwenzake amejikunyata na mambo yake kifuani, haamui tena kwamba mle ndani hamna kitu. Humsogelea, humkalisha, humuuliza mapema, kwa sababu wamejionea kwa macho yao kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu.